Kufundisha Betri kwa Swali la Mtoto: Funzo la Nyuzi za Silikoni

Utangulizi

Miongoni mwa mada zinazopewa heshima ndogo katika shule zetu za msingi ni mada ya betri. Huja mara moja, hufundishwa kwa vipindi viwili vitatu, mchoro wa seli kavu huchorwa ubaoni, wanafunzi huunakili, na majina ya sehemu zake hukaririwa mpaka siku ya mtihani. Baada ya hapo mada hufungwa. Hali hiyo ingeweza kuvumilika katika nyakati ambapo betri ilikuwa kitu cha redio na tochi tu. Siku hizi betri imo katika simu ya mzazi, imo katika taa ya sola inayomwangazia mtoto akisoma jioni, na imo katika vyombo vya usafiri. Mtoto wa kijijini anaishi na betri kwa ukaribu kuliko anavyoishi na vitu vingi tunavyomfundisha kwa bidii.

Katika makala haya tunakusudia kutoa hoja moja. Tunasema kwamba mwalimu wa shule ya msingi anaweza, na yampasa, kufundisha hata habari mpya kabisa za sayansi kwa kutumia vitu vilivyomo kijijini mwake. Na kwamba chuo cha ualimu kisichomwandaa mwanachuo kufanya hivyo kimemwandaa nusu. Ili hoja yetu isibaki hewani, tumechagua habari moja ambayo wengi wangeidhania kuwa iko mbali mno na darasa la kijijini: anodi za nyuzi za silikoni katika betri za ioni za lithiamu.

Swali lililoachwa njiani

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha huko Busi, wilayani Kondoa, tulihudhuria somo moja la sayansi ambalo kwa vipimo vya kawaida lilikuwa zuri. Andalio la somo lilikuwa kamili, ubao ulipangwa vema, mchoro ulikuwa safi, na mwanachuo alikuwa na sauti ya kusikika hadi dawati la mwisho. Katikati ya kipindi mtoto mmoja wa kike aliinua mkono akauliza, "Samahani mwalimu, betri ya simu ya baba imevimba mpaka mfuniko haufungi. Ni kitu gani kimeingia ndani yake?" Mwanachuo alitabasamu, akamjibu, "Hilo halimo katika somo la leo, kaa chini," akaendelea na mchoro wake.

Hatumlaumu mwanachuo yule peke yake. Alifanya kile alichozoezwa kufanya: kulinda muda, kumaliza hatua za somo, na kufikia lengo mahsusi aliloliandika. Lakini tuangalie kilichopotea. Mtoto alikuwa ameona kwa macho yake jambo la kikemia, amelikumbuka, amelihusisha na somo, na amepata ujasiri wa kuliuliza mbele ya wenzake na mbele ya wageni. Hizo ndizo hatua zote za mwanzo za mwanasayansi. Kisha akaambiwa akae. Zaidi ya hayo, betri iliyovimba ni kitu cha hatari. Ikitobolewa au ikiendelea kuchajiwa inaweza kuwaka moto. Swali lile lilikuwa na usalama wa nyumba nzima ndani yake.

Kwa hiyo jibu la swali hilo halikuwa anasa ya kuongezewa wanafunzi wenye akili nyingi. Lilikuwa ndilo somo lenyewe.

Jambo lenyewe ni nini

Kabla ya kuzungumzia namna ya kufundisha, hapana budi mwalimu alielewe jambo kwanza. Betri ya ioni za lithiamu ina pande mbili zinazopokezana wageni. Wageni hao ni ioni za lithiamu. Tunapochaji, ioni husafiri ndani ya kimiminika kiitwacho elektroliti kutoka upande chanya kwenda upande hasi, na elektroni huzunguka nje kupitia waya. Tunapotumia simu, safari hugeuka. Upande hasi ndio unaoitwa anodi katika lugha ya watengenezaji wa betri, nao huuita hivyo wakati wote, ingawa kwa kanuni ya kemia jina la anodi hufuata tendo la kutoa elektroni na kwa hiyo lingepaswa kuhama upande wakati wa kuchaji. Mwalimu asipolijua hilo, atajichanganya mwenyewe na kuwachanganya wanafunzi.

Katika betri nyingi tulizo nazo, anodi hutengenezwa kwa kinywe, madini ambayo vitabu vingine huyaita grafaiti. Kinywe ni kaboni iliyopangwa matabaka matabaka, mfano wa kurasa za daftari. Ioni huingia baina ya kurasa hizo na kutoka bila kulichana daftari. Lote huvimba kwa kiasi cha asilimia kumi tu. Aliyeonyesha, karibu mwaka 1980, kwamba lithiamu inaweza kuingizwa katika kinywe na kutolewa tena kwa umeme ni Rachid Yazami, Mwafrika mzaliwa wa Fez nchini Moroko, alipokuwa akifanya utafiti huko Grenoble, Ufaransa. Mwaka 1991 kampuni ya Sony iliziingiza sokoni betri za kwanza za aina hii, na mwaka 2014 Yazami alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa tuzo ya uhandisi ya Draper huko Marekani. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2019 iliwaendea wengine watatu waliochangia betri hizo: John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Jina la Yazami halikuwamo; basi na liwemo katika madarasa yetu.

Kinywe kina upungufu mmoja. Huhitaji atomi sita za kaboni kumpokea mgeni mmoja wa lithiamu. Silikoni, kwa upande wake, ni mkarimu kupita kiasi: atomi nne tu hupokea wageni 15. Kwa hesabu ya uzito, gramu moja ya kinywe hubeba kiasi cha miliampia-saa 372, ilhali gramu moja ya silikoni huweza kubeba karibu 3,580. Hiyo ni takriban mara tisa na nusu. Na silikoni si kitu adimu. Imo katika mchanga unaojaza mito yetu ya msimu na katika mawe meupe ya kwatzi yanayong'aa vilimani, ikiwa imeshikamana na oksijeni. Hutenganishwa katika tanuru la umeme lenye joto kali, kaboni ikitumiwa kuiondoa oksijeni hiyo.

Mbona basi simu zote hazikutumia silikoni tangu zamani? Kwa sababu ukarimu wake unambomolea nyumba. Silikoni ikipokea wageni wote inaowaweza, ujazo wake hufikia karibu mara nne ya ule wa awali, wakitoka, hunywea. Baada ya kuvimba na kunywea mara chache, kipande hupasuka, vipande vyake hutengana na bamba la metali linaloleta elektroni, na kipande kilichotengana hakina kazi tena. Isitoshe, juu ya anodi hutanda utando mwembamba unaotokana na elektroliti, mfano wa utando juu ya maziwa yaliyopoa. Utando huo ukitulia huilinda anodi. Lakini silikoni ikipasuka, uso mpya hujitokeza, utando mpya hutanda, na kila mara sehemu ya lithiamu na elektroliti huliwa. Betri huchakaa haraka.

Mwaka 2008 jarida la Nature Nanotechnology lilichapisha kazi ya Candace Chan, Yi Cui na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford. Badala ya kutumia bonge la silikoni au unga wake, waliotesha nyuzi nyembamba za silikoni moja kwa moja juu ya bamba la chuma cha pua. Kipenyo cha nyuzi hizo kilikuwa kama nanomita 89 kwa wastani. Yaani, ingehitajika kuzipanga ubavu kwa ubavu karibu elfu moja ili kufikia unene wa unywele mmoja wa kichwani. Zilipopokea lithiamu zilinenepa hadi kufikia nanomita 141 hivi, lakini hazikuvunjika, kwa kuwa kila uzi ulikuwa na nafasi ya kunenepa bila kumsukuma jirani, na kila uzi ulikuwa umeshika bamba kwa mguu wake wenyewe, hivyo elektroni zikawa na njia iliyonyooka.

Ugumu haukuisha hapo. Kuotesha nyuzi ni kazi ya gharama, na tatizo la utando halikutoweka kabisa. Simu nyingi bado zinatumia kinywe, na baadhi ya simu mpya huchanganya silikoni kidogo na kaboni bila kutumia nyuzi. Lakini mahali ambapo uepesi una thamani kuliko bei, nyuzi zimepata kazi. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwezi Februari 2025 ndege isiyo na rubani iitwayo Zephyr iliruka kutoka Laikipia, nchini Kenya, ikakaa angani siku 67 bila kutua, ikiivunja rekodi yake yenyewe ya siku 64 ya mwaka 2022. Mabawa yake yana upana wa mita 25, na uzito wake wote ni kama kilo 75 tu, pungufu ya gunia la mahindi. Mchana huendeshwa na jua na kuchaji betri. Usiku huishi kwa betri hizo, ambazo anodi zake ni za silikoni kutoka kampuni ya Amprius, iliyoanzishwa na Cui mwaka ule ule wa 2008.

Namna ya kulifundisha

Tunapendekeza hatua nne, nazo hazihitaji maabara.

(a) Kuanza na kile ambacho mtoto amekwisha kukiona. Watoto wa nyanda za kati wanaujua udongo wa mbuga. Masika ukinywa maji huvimba na kufunga. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama unaweza kunasa. Mwalimu na aulize: Kwa nini unapasuka? Kwa nini mchanga wa mtoni haupasuki hivyo? Mizizi iliyo ndani yake hupatwa na nini? Kabla jina la silikoni halijatajwa, darasa zima litakuwa limekwisha kusema kwa Kiswahili chake kwamba kitu kinachovimba na kunywea mara kwa mara hujivunja chenyewe. Hilo ndilo kiini cha somo.

(b) Kutenda. Wanafunzi wafinyange matofali madogo matatu ya udongo yanayolingana. La kwanza lichanganywe na mbaazi kavu. La pili liwe tupu. La tatu liwe na vijiwe vya ukubwa wa mbaazi. Kisha wapange mbaazi nyingine, idadi ile ile, juu ya sahani yenye mchanga uliolowa, kila moja ikiwa mbali na mwenzake. Kesho yake wachunguze. Tofali la mbaazi hupasuka kwa sababu mbaazi zimenyonya maji na kuvimba zikiwa zimebanwa. Zile za sahanini zimevimba pia, lakini hazikumsukuma yeyote. Tofali tupu na lile la vijiwe ni ya lazima, na wengi huyasahau. Udongo hupasuka kidogo kwa kukauka peke yake. Bila tofali tupu mtoto hawezi kujua ufa upi umeletwa na mbaazi na upi umeletwa na jua. Hapo mwanafunzi anajifunza jambo kubwa kuliko betri, nalo ni kwamba jaribio lisilo na kilinganishi halishuhudii chochote.

Kwa upande wa umeme wenyewe, ndimu kadhaa, misumari yenye zinki na vipande vya waya wa shaba vinatosha. Ndimu moja hutoa chini ya volti moja. Nne zikiungwa kwa mfululizo huweza kuwasha kwa mwanga hafifu taa ndogo nyekundu ya LED. Betri za simu zisifunguliwe kamwe darasani, wala nyumbani.

(c) Kuhesabu. Hapa somo la sayansi na somo la hisabati hukutana. Betri ya simu imeandikwa miliampia-saa 4,000. Inahitaji gramu ngapi za kinywe? Gawanya 4,000 kwa 372: karibu gramu 10.8. Gramu ngapi za silikoni? Gawanya kwa 3,580: karibu gramu 1.1. Kisha mchemraba wenye ubavu wa sentimita 10 ukivimba kufikia ujazo mara nne, ubavu wake utakuwa sentimita ngapi? Wengi watasema 40. Waache wahesabu wenyewe ujazo wa mchemraba wa sentimita 40; watapata sentimita za ujazo 64,000 badala ya 4,000, nao watashtuka. Jibu ni kama 15.9. Ni mara chache hesabu ya ujazo hupata sababu nzuri namna hii ya kufanywa.

(d) Kuonyesha mipaka ya mfano. Hatua hii ndiyo inayoachwa zaidi, nayo ndiyo inayotofautisha mwalimu na msimulizi. Mbaazi huvimba kwa maji. Silikoni huvimba kwa lithiamu inayoungana nayo. Mbaazi huvimba mara moja; silikoni huvimba na kunywea kila betri inapochajiwa na kutumika. Mbaazi huonekana kwa macho. Nyuzi hizi hazionekani hata kwa hadubini ya kawaida ya shule. Mwalimu awaulize wanafunzi wenyewe: Mfano wetu unafanana wapi, na unaachana wapi na jambo halisi?

Hapo ndipo swali la mtoto wa Busi linapopata jibu lake, na lazima lijibiwe kwa uangalifu. Betri ya baba yake haikuvimba kwa sababu ya silikoni. Ilivimba kwa gesi, iliyotokea baada ya elektroliti kuharibika kwa uzee, joto au kuchajiwa vibaya. Mwalimu anayekimbilia kusema "ni uvimbe wa anodi" kwa kuwa ndiyo habari mpya aliyoisoma atakuwa amempa mtoto neno kubwa na uongo. Ushauri wa kwenda nao nyumbani ni huu: betri iliyovimba isitumike tena, isichajiwe, isitobolewe wala kukandamizwa, na iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto.

Hoja za wanaopinga

Wapo walimu wenzetu, na tunawaheshimu, watakaosema kwamba muhtasari umekwisha kujaa na hauna nafasi ya nyuzi za silikoni. Jibu letu ni kwamba hatuombi kipindi hata kimoja cha ziada. Kuvimba na kunywea, saketi ya umeme, uchunguzi na jaribio, ujazo wa mchemraba, vyote vimo katika masomo yetu. Tunachoomba ni kwamba vifundishwe vikiwa na kitu ndani yake.

Wengine watasema kwamba shule za vijijini hazina vifaa. Ni kweli, na upungufu huo usifichwe wala kusifiwa. Shule ya Busi inastahili maabara kama shule nyingine yoyote. Lakini udongo, mbaazi, mchanga na ndimu si vifaa vya watu wanyonge. Kwa funzo hili ndivyo vifaa vinavyofaa zaidi, kwa sababu mtoto anavijua tangu kuzaliwa, na kwa hiyo jambo geni kwake linabaki moja tu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Husemwa: habari hizi zinamhusu nini mtoto ambaye huenda atalima alizeti na ulezi maisha yake yote? Tunajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la sokoni. Madukani huuzwa betri za duara za tochi, zenye urefu wa milimita 65 na uzito wa gramu 45 hivi, zilizobandikwa lebo ya miliampia-saa 9,900. Mtoto aliyefanya hesabu ya hatua ya (c) atagawanya 9,900 kwa 372 na kupata karibu gramu 27 za kinywe upande hasi peke yake. Akiambiwa kwamba upande chanya wa kawaida hubeba kama miliampia-saa 150 kwa gramu, atapata gramu 66, nazo zimekwisha kuupita uzito wa betri nzima, kabla hatujahesabu kopo, elektroliti na bamba za metali. Basi lebo inasema uongo, na mtoto wa shule ya msingi ameuthibitisha kwa kalamu na mizani ya duka. Mkulima anayeweza kufanya hivyo haibiwi kwa urahisi.

La pili ni la nchi. Kinywe kimo kwa wingi Mahenge katika Mkoa wa Morogoro, na kimo katika Mkoa wa Lindi. Miamba yenye lithiamu imeripotiwa Hombolo, ndani ya Jiji letu la Dodoma. Dunia inavitafuta vitu hivyo. Nchi ambayo watoto wake wanajua kinywe kwa jina tu itauza mawe. Nchi ambayo watoto wake wanajua kinywe kinafanya kazi gani, kwa nini wengine wanatafuta mbadala wake katika mchanga, na mbadala huo unashindwa wapi, itakuwa na watu wa kukaa mezani na kuuliza maswali. Hatusemi kwamba kila mtoto wa Busi atakuwa mwanakemia. Twasema kwamba hatuwezi kujua ni yupi, na kwa hiyo hatuna haki ya kumwambia yeyote kati yao akae chini. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule imjengee mwanafunzi akili ya kudadisi na uwezo wa kujifunza kutokana na wanayoyafanya wengine na kuyarekebisha yafae mahitaji yake. Kwa maoni yetu, hakuna mada inayoitikia wito huo leo kuliko hii.

Suala la lugha

Tuseme neno moja juu ya istilahi. Baadhi ya wanachuo huogopa kufundisha sayansi mpya kwa Kiswahili wakidhani lugha haitoshi. Tangu mwaka 1990 tunayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na lugha haijalala tangu hapo. Katika makala haya tumetumia anodi, elektroliti, ioni na nanomita bila taabu. Lakini maneno yaliyofanya kazi kubwa zaidi si hayo. Ni kuvimba, kunywea, kupasuka, utando, kuotesha na nafasi. Na mtoto anayo yote kabla hajaja shuleni. Kanuni yetu iwe hii: wazo lije kwanza kwa neno la nyumbani, kisha istilahi ije kulipa wazo hilo jina. Istilahi ikitangulia, hubaki sauti tupu.

Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo matatu kwa vyuo vyetu.

Kwanza, katika kutathmini mazoezi ya kufundisha, fomu ya ukaguzi iwe na sehemu ya kuandika maswali yaliyoulizwa na wanafunzi na namna yalivyoshughulikiwa. Sasa tunatoa alama kwa maswali anayouliza mwalimu. Yale ya watoto hayana mahali pa kuandikwa, na kisichoandikwa hakithaminiwi.

Pili, mwanachuo azoezwe kusema mbele ya darasa, bila haya, "Sijui bado, tutafute, na Ijumaa tutalizungumza," kisha alitimize. Si kila swali litajibiwa papo hapo. Swali linalosubiri jibu lina uhai. Swali lililokalishwa chini limekufa.

Tatu, kila mwaka wakufunzi wa sayansi wa chuo wachague habari moja mpya ya sayansi, waichambue kwa pamoja, na kutengeneza andalio la somo linalotumia vitu vya mazingira ya chuo kile. Chuo cha nyanda za kati kitaanza na udongo wa mbuga. Chuo cha pwani kina chumvi, matumbawe na maji kupwa na kujaa. Maandalio hayo yabadilishane mikono baina ya vyuo.

Silikoni ilishindwa ilipotumiwa kama bonge, ikafaulu ilipopewa nafasi ya kuvimba na mahali imara pa kushika mguu. Hatutaki kuligeuza jambo la kemia kuwa methali, lakini walimu wenzetu watatuelewa tukisema kwamba darasa nalo lina haja ya vitu hivyo viwili: nafasi ya swali kukua, na msingi wa maarifa ya kweli wa kulishikilia. Kazi ya kuvitoa vyote viwili ni ya mwalimu, na kazi ya kumwandaa mwalimu huyo ni yetu.